Leza ya Macho na Upasuaji Mwingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho, Kisumu. Maswali haya hurudi kila wiki: kwenye benchi la kungojea, kwenye simu, hata sokoni mtu akinitambua. Wengi huanza na bei ya leza. Mimi huwarudisha nyuma kidogo niwaulize, jicho lako lina nini? Majibu mengi hapa chini yanategemea jibu la swali hilo.

## Kuijua leza yenyewe

Leza ni moja, au ziko nyingi?

Ziko nyingi, na kila moja ina kazi yake. Leza ya ekisaima, yenye mwanga usioonekana wa nanomita 193, huchonga konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ili mtu apunguze au aache miwani. Leza ya YAG hutoboa utando ulioingia ukungu nyuma ya lenzi ya bandia, au hufungua kijitundu katika ile duara yenye rangi ya jicho pale maji ya ndani yanapokosa njia ya kutoka. Leza ya retina huchoma vidoa vidogo kwenye pazia la nyuma la jicho la mwenye kisukari ili mishipa mibovu isizidi kuharibu. Hiyo ya mwisho hulinda uoni uliobaki. Uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi.

Kwa hiyo ukisikia "jirani yangu alipigwa leza akapona," uliza ni leza gani na kwa ugonjwa gani. Nimewahi kumpokea mzee kutoka Nyando aliyekwisha kuuza ng'ombe apate nauli na pesa ya "leza ya Nairobi." Alikuwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibiwa huku huku kwetu bila leza yoyote. Ng'ombe hakurudi.

Leza humwachishaje mtu miwani?

Mwanga ukiingia jichoni hupindwa na konea kwanza, kisha na lenzi iliyo nyuma ya mboni, hadi ukutane juu ya retina. Konea peke yake hufanya karibu theluthi mbili ya kazi hiyo. Jicho likiwa refu kuliko inavyotakiwa, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina na mtoto haoni ubao. Likiwa fupi, hukutana nyuma yake. Konea ikiwa na umbo la yai badala ya mpira, herufi hupata kivuli. Hiyo ndiyo astigmatizimu. Leza huibadilisha konea umbo kwa kiasi kidogo sana ili mwanga utue panapotakiwa.

Haigusi retina, haigusi mshipa wa fahamu wa jicho, wala haigusi lenzi. Kliniki tuna kipimo rahisi: tunamtazamisha mgonjwa kupitia kitundu kidogo kwenye kikadi cheusi. Akisoma vizuri zaidi kupitia kitundu, huenda shida yake inarekebishwa na miwani. Asipoona tofauti, lazima tutafute ugonjwa kabla ya kuzungumza lolote kuhusu leza.

LASIK, PRK na SMILE zinatofautianaje?

Hizi ni njia tatu za leza ya kuacha miwani. Kwa LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, akakifunua kama ukurasa wa kitabu, leza ikachonga chini yake, kisha akakirudisha mahali pake. Wengi huona vizuri kufikia kesho yake, na ndiyo sababu watu huipenda.

PRK haina kifuniko. Tabaka laini la juu ya konea huondolewa, leza ikachonga, na tabaka hilo humea upya kwa siku 4 au 5. Siku hizo ni ngumu: jicho linauma, linatoa machozi, halitaki mwanga. Uoni hutulia taratibu kwa wiki kadhaa. Kwa SMILE, leza hukata kipande chembamba ndani ya konea yenyewe, nacho hutolewa kupitia upenyo wa milimita chache.

Wagonjwa hudhani PRK ni duni kwa kuwa ndiyo kongwe. Marekani iliidhinisha leza ya ekisaima kwa PRK mwaka 1995, kabla ya LASIK. Dhana hiyo si sahihi. Kwa vijana wa raga wa Kakamega na Nakuru, kwa mabondia, na kwa wenye konea nyembamba kiasi, mara nyingi PRK ndiyo salama zaidi, maana hakuna kifuniko kinachoweza kusogezwa na pigo la usoni.

Inauma? Nitalazwa?

Ganzi ni ya matone tu, hakuna sindano. Uko macho, unatazama taa uliyoonyeshwa, na leza yenyewe kwa kawaida haimalizi dakika moja kwa jicho. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maumivu ya baadaye ni ya PRK hasa, kama nilivyoeleza juu.

Sitavaa miwani tena maishani?

Daktari mkweli hawezi kukuahidi hivyo. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho huanza kukakamaa, na kila mtu, awe alifanyiwa leza au la, huanza kusogeza gazeti mbali. Leza ya konea haizuii hilo.

Walimu wa umri wa kati nawaomba wasome hapa mara mbili. Ukiwa na miaka 45 na miwani yako ni ya kuona mbali tu, ya namba ndogo (namba ni nguvu ya lenzi) kama -2, leo unaivua na kusahihisha madaftari bila shida. Leza ikikurekebishia mbali, uwezo huo wa kusoma bila miwani unaondoka siku hiyo hiyo. Umeacha miwani ya barabarani, umepata ya mezani. Wapo wanaochagua jicho moja lirekebishwe kwa mbali na jingine liachwe kwa karibu, lakini hilo lijaribiwe kwanza kwa lenzi za kuvaa machoni kabla ya kuchonga kitu kisichorudi.

Hatari zake ni zipi?

La kawaida zaidi ni macho kukauka kwa miezi kadhaa, kwa sababu nyuzi ndogo za fahamu za konea hukatwa na huchukua muda kumea. La pili ni miduara na mng'ao kwenye taa usiku. Kwa anayeendesha matatu au lori la usiku kutoka Nakuru kwenda Kisumu, akipishana na taa kali njia nzima, hilo si jambo dogo. Mwambie daktari kazi yako kabla ya yeye kupanga chochote. Maambukizi ni nadra lakini yanaweza kulipoteza jicho. Na kuna konea kulegea na kuchomoza miaka baadaye, ambako chanzo chake mara nyingi ni mtu kufanyiwa leza ilhali hakufaa tangu mwanzo.

## Nani anafaa, nani hafai

Nina miaka 16 na miwani inanichosha. Nifanyiwe?

Bado, mwanangu. Jicho lako linaendelea kukua na namba inabadilika. Tunangoja angalau miaka 18, wengi wakisubiri hadi 20 na kitu, na namba iwe imetulia mwaka mzima. Kwa sasa tafuta miwani inayokukaa vizuri. Darasani umri wako hauna dawa bora kuliko hiyo.

Kwa nini wanapima unene wa konea?

Kwa sababu leza hutoa nyama ya konea, na nyama hiyo haimei tena. Konea ya kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi, nusu milimita tu. Kifuniko cha LASIK huchukua takriban maikroni 110. Kila namba moja ya miwani huchukua kama maikroni 14 zaidi, kulingana na mashine na upana wa eneo linalochongwa. Baada ya yote, chini ya kifuniko pasibaki pungufu ya maikroni 250, na madaktari wengi hutaka 300.

Chukua mtu wa namba -6 mwenye konea ya 540. Ondoa 110, ondoa 84, zimebaki 346. Kwa unene, yuko salama. Sasa chukua wa namba -8 mwenye konea ya 470: ondoa 110, ondoa 112, zimebaki 248. Huyo akiambiwa "hapana," ameokolewa. Unene peke yake hautoshi, lazima pia ichorwe ramani ya umbo la konea. Kituo kinachokupa tarehe ya leza bila ramani hiyo, ondoka.

Nimekataliwa kwa sababu ya "keratokonasi." Ni nini hiyo?

Ni konea inayokonda na kuchomoza kama koni. Namba ya miwani hupanda kila mara, na hatimaye miwani haisaidii. Naiona kwa vijana ambao tangu utotoni macho yao yanawasha kwa aleji na wameyafikicha miaka nenda miaka rudi. Kufikicha macho kunaichosha konea. Kwa jicho hili leza ya kuacha miwani ni marufuku, maana inakondesha kitu kilichokwisha kukonda.

Tiba ipo. Ugonjwa ukiwa bado unaendelea, konea huimarishwa kwa matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno. Lengo ni kuuzuia usizidi, haiondoi miwani. Baadaye lenzi ngumu za kuvaa machoni huweza kumpa mtu uoni mzuri sana. Waliochelewa huhitaji kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki.

Wazazi, mtoto akiwashwa macho msimnunulie kemisti matone yenye steroidi kila anapolalamika. Yanatuliza haraka, na hapo ndipo yanapowadanganya watu. Yakitumiwa kwa miezi bila kupimwa hupandisha presha ya jicho, yaani msukumo wa maji ya ndani yake, na huleta mtoto wa jicho kwa kijana mdogo. Nimewapokea wanafunzi wa sekondari waliopoteza uoni kwa chupa moja ndogo iliyokuwa ikinunuliwa tena na tena bila cheti.

Je, nikiwa mjamzito, au nina kisukari, HIV au selimundu?

Mjamzito na anayenyonyesha asubiri, kwa kuwa namba hubadilika na homoni. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa asifanyiwe. Sukari ikipanda na kushuka, namba nayo hupanda na kushuka. Mwenye HIV anayemeza dawa vizuri na kinga yake iko juu hujadiliwa na daktari kama mgonjwa mwingine yeyote, na haipaswi kuwa sababu ya kufukuzwa mlangoni.

Selimundu ni jambo letu huku kanda ya ziwa, kwa hiyo naliweka wazi: linaweza kuharibu mishipa ya retina kimya kimya. Mwenye selimundu apimwe retina hata kama anaona vizuri, na kabla ya upasuaji wowote wa jicho aseme mapema.

Navaa lenzi za machoni. Nizivue lini?

Laini, wiki 1 hadi 2 kabla ya vipimo. Ngumu, wiki 3 au zaidi. Zinabadilisha umbo la konea, na ramani itakuwa ya uongo.

Namba yangu ni kubwa mno kwa leza. Nimekwama?

Hujakwama. Lenzi ndogo laini inaweza kuwekwa ndani ya jicho, nyuma ya ile duara yenye rangi, huku lenzi yako ya asili ikibaki. Ikilazimu huweza kutolewa tena. Kwa aliyevuka miaka 50, daktari huweza kupendekeza kubadilisha lenzi ya asili kabisa, upasuaji ule ule wa mtoto wa jicho. Kwa wenye namba kubwa sana za kutoona mbali njia hiyo huongeza hatari ya retina kubanduka, kwa hiyo usikubali kabla ya retina kupimwa mboni ikiwa imepanuliwa.

## Mtoto wa jicho

Kuna matone au leza ya kumwondoa mtoto wa jicho?

Hakuna matone. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani: vyote vimewahi kuletwa kliniki vikiwa vimekwisha kutiwa jichoni, pamoja na kidonda cha konea. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyoingia ukungu, na dawa ya juu haiisafishi. Hutolewa kwa upasuaji, na lenzi ya bandia ikawekwa mahali pake.

Njia inayotumika sana kwetu ni chale ndogo isiyohitaji nyuzi. Njia nyingine huvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu dogo zaidi, na uponaji ni wa haraka. Kwa lenzi iliyokwisha kuwa ngumu na kahawia, kama tunavyoziona kwa wazee wa vijijini, chale ndogo mikononi mwa mpasuaji mzoefu hutoa matokeo mazuri sana. Usijione umepewa cha maskini.

Lazima ningoje "ukomae"?

La. Hiyo ni habari ya zamani. Unafanyiwa pale uoni unapokuzuia kazi: kushona, kuhesabu pesa, kuvuka barabara. Ukingoja hadi mboni iwe nyeupe, upasuaji huwa mgumu zaidi na presha ya jicho inaweza kupanda ghafla kwa maumivu makali.

Lenzi ya bandia hudumu muda gani? Wazo lilitoka wapi?

Hudumu maisha yako yote. Lenzi ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, aliyegundua kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita vilikaa bila jicho kuvikataa. Wagonjwa wakisikia hadithi hii huacha kuogopa kwamba lenzi "itaoza."

Mama alifanyiwa miaka 2 iliyopita, sasa ukungu umerudi. Waliharibu?

Hapana, na mtoto wa jicho hawezi kurudi. Ni utando unaoishika lenzi ya bandia umekuwa na ukungu. Leza ya YAG huutoboa kwa dakika chache, bila kisu. Kama bado haoni baada ya hapo, retina na presha ya jicho vichunguzwe.

## Mahali, pesa na safari

Lazima niende Nairobi?

Kwa leza ya kuacha miwani, mashine ziko hasa Nairobi. Kwa mtoto wa jicho, presha ya jicho, nyama ya jicho na majeraha, hapana. Kuna hospitali ya macho ya Sabatia kaunti ya Vihiga, kuna Jaramogi hapa Kisumu ambayo wazee bado wanaiita Russia, kuna hospitali ya rufaa ya kaunti pale Nakuru, na hospitali ya Moi kule Eldoret. Wapasuaji wa mtoto wa jicho nchini si madaktari bingwa pekee. Wamo maafisa wa kliniki waliosomea upasuaji huo, na wengi wao mikono yao imezoea kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kupima macho kwanza hakuhitaji safari. Wapima macho husomea shahada yao hata Kakamega, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

SHA italipa?

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Leza ya kuacha miwani bima nyingi huihesabu kuwa hiari, kwa hiyo panga kulipa mwenyewe. Kwa upasuaji wa ugonjwa, nenda ofisi ya hospitali siku kadhaa kabla ukahakikishe mchango wako haujakatika na idhini imetoka. Mzee asigundue shida hiyo akiwa amekwisha kuvaa gauni.

Ukiulizia bei ya leza, uliza ni ya jicho moja au yote mawili, kama vipimo na dawa vimo, na kama marekebisho ya pili yakihitajika yatalipiwa upya. Bei ya chini kwenye tangazo mara nyingi ni ya jicho moja.

Kambi za bure zinaaminika?

Nyingi ni za hospitali zinazojulikana na zimewarudishia maelfu uoni. Swali la kuwauliza ni nani atamwona mgonjwa kesho yake na baada ya wiki kadhaa. Wasipokuwa na jibu, subiri nyingine.

## Baada ya upasuaji

Nirudi lini kwenye boda, shamba au ziwa?

Kazi ya ofisini baada ya LASIK, siku chache. Boda boda, ngoja daktari apime uoni wako, kisha uvae miwani ya kinga kila safari. Nakuru, mji ambao jina lake husemekana kumaanisha mahali pa vumbi kwa Kimaasai, tunasisitiza hilo zaidi wakati wa kiangazi. Shamba la miwa Muhoroni au Mumias, subiri angalau mwezi. Jani la muwa likichana konea huingiza kuvu, na kidonda cha kuvu ni kigumu kutibu hata kwa jicho zima. Wavuvi na waogeleaji, maji ya ziwa yasiguse jicho kwa wiki 4.

Nitawezaje kutawadha na kusujudu?

Maji ya bomba yasiingie jichoni wiki ya kwanza, na kichwa kisiinamishwe chini ya kiuno hasa baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Wagonjwa wetu wengi huswali wakiwa wameketi siku hizo. Kuhusu kufuta uso au kutayamamu, muulize imamu wako. Sisi tutamweleza kitabibu kinachozuiwa.

Dalili gani za kurudi haraka?

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uoni kushuka, wekundu unaozidi, usaha. Pia vimulimuli vya mwanga, au pazia jeusi likishuka upande mmoja. Rudi siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

## Hali za pekee

Nyama imeota kwenye jicho langu. Leza inaitoa?

Haitoi. Nyama ya pembetatu inayotambaa kutoka upande wa pua kwa kawaida hutokana na jua, upepo na vumbi. Hukatwa, na pengo likafunikwa na kipande cha utando wa jicho hilo hilo ili isirudi. Lakini si kila nyama ni hiyo. Afrika Mashariki tuna saratani ya utando wa jicho inayofanana nayo, na HIV na jua kali huongeza hatari yake. Ikikua haraka, ikiwa na mabaka meupe au mishipa minene, iondolewe mapema na ipelekwe maabara. Omba majibu ya maabara. Ni haki yako.

Nina presha ya jicho. Upasuaji utanirudishia uoni?

Hautarudisha. Presha ya jicho, ambayo si presha ya damu, huua mshipa wa fahamu kidogo kidogo kuanzia pembeni. Matone, leza ya kusaidia maji kutoka, au upasuaji wa kufungua mfereji mpya, vyote huzuia kilichobaki kisipotee. Watu huacha matone kwa kuwa "hayanisaidii kuona," nami huumia kila ninaposikia hivyo. Kama ndugu yako wa tumbo moja anayo, pimwa hata kama huna shida yoyote.

Mboni ya mtoto wangu inang'aa nyeupe kwenye picha za simu.

Acha kusoma, mpeleke hospitali wiki hii hii. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, au saratani ya retina. Ya kwanza ikichelewa, ubongo hukosa kujifunza kuona. Ya pili ikichelewa, inachukua uhai.

Naona kwa jicho moja tu. Nifanyiwe leza?

Ya kuacha miwani, hapana. Vaa miwani yenye vioo visivyovunjika, ikulinde jicho hilo hata kama namba yako ni ndogo. Mtoto wa jicho akija kwenye jicho hilo atatolewa, na tutakuchagulia mpasuaji mwenye uzoefu zaidi.

Tumeambiwa hakuna la kufanywa. Twende wapi?

Muulize daktari kama amemaanisha hakuna upasuaji, au hakuna msaada. Ni mambo mawili. Mtu mwenye uoni mdogo anaweza kusoma kwa vikuza maandishi, na simu yake ikamsomea ujumbe kwa sauti. Mtoto anaweza kusoma Kibos, hapa Kisumu, shule ya wasioona. Sajili ulemavu kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Omba hospitali ikuandikie ripoti ya tathmini kabla hujaondoka, ili usipande matatu mara mbili.